Kupe Bapa Sikioni mwa Chelel

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka harufu yake: harufu ya mafuta ya taa, ya mavi mabichi ya ng'ombe, na ya majani ya chai yaliyonyeshewa tangu alfajiri. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa josho la Boito, kopo mkononi, nikiwa na miaka kumi na tisa na akili, kwa hesabu yangu mwenyewe, ya watu wanne. Ndani ya kopo mlikuwa na kupe, walionyunyiziwa mafuta ya taa wasitoroke. Usikunje uso, ndiyo kwanza tumeanza. Kupe wangu walikuwa wanene, wa kijivu, wamejaa damu kama mbegu za mbarika, na walikuwa wengi kuliko wa kijana yeyote wa upande ule.

Mashine ya kuvuta maji ya josho ilikuwa imekufa, na spea yake tuliingoja kama watu wanavyoingoja mvua ya Machi. Kwa hiyo kila nyumba ilitoa kupe kwa mkono. Sisi vijana, kwa kuwa kijana hawezi kufanya kazi bila kuifanya mashindano, tulianza kukutana pale kwenye ua wa josho kavu kila Jumamosi kulinganisha makopo. Siku hiyo langu lilifika ukingoni. Wakanipigia makofi, na mmoja akasema, "Chelang'at, wewe si wa kuchuma chai. Wewe ni profesa wa kupe!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji tu, nilitia mto mzima.

Hebu nikueleze ng'ombe niliyemtoa kupe hao alikuwa wa nani, maana hapo ndipo moto wote ulipo. Aliitwa Chelel, kwa sababu alikuwa mweupe karibu wote, na hakuwa wetu. Sisi Wakipsigis tuna desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe watano hawafungi wote boma moja, kwa sababu ugonjwa ukiingia hapo utaondoka na wote. Mmoja atampeleka kwa rafiki ng'ambo ya mto, mwingine kwa rafiki mwingine. Rafiki anakamua na watoto wake wanakunywa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi wala sahihi, kuna neno tu. Ng'ombe akifia kwako, desturi inakutaka jambo moja: umchune, uibebe ngozi, umpelekee mwenyewe aione kwa macho yake, ajue kwamba hukumuuza na hukumchinja kwa karamu yako.

Nyumba yetu ilikuwa imeshabeba ngozi moja. Miaka miwili kabla ya siku hiyo ya kopo, homa ya kupe ilimuua ng'ombe tuliyewekewa na rafiki mmoja wa baba, na baba akatembea na ile ngozi begani mchana kweupe, kutoka kwetu mpaka kwa mwenyewe. Nilimfuata nyuma. Watu njiani walisogea pembeni wakaacha kuongea mpaka tupite. Hakuna aliyetutukana, Mwanangu, na afadhali wangetutukana.

Baada ya hapo tulikunywa chai ya rangi. Fikiria nyumba imezungukwa na chai kila upande, kijani mpaka macho yanachoka, na watoto wanakunywa chai isiyo na tone la maziwa. Ndipo Arap Tonui wa Mogogosiek, aliyetahiriwa rika moja na baba, akatuhurumia. Akatuletea Chelel, tena akiwa na mimba changa. Alipoondoka, baba alitukusanya akasema maneno machache, kama kawaida yake.

"Ngozi moja ni bahati mbaya. Ngozi ya pili ni tabia. Nikibeba ya pili, hakuna mtu ataweka ng'ombe hapa tena, hata kwa wajukuu zangu."

Sasa, kazi ya kutoa kupe ilikuwa ya Gogo Tabutany, yaani nyanya yangu, mama yake baba. Macho ya Gogo yalikuwa yamefunikwa na utando. Aliona mwanga na giza, na labda kivuli cha mtu akipita mlangoni. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda karibu na Chelel akaingiza vidole masikioni mwa yule ng'ombe, polepole, akinong'ona naye kama watu wawili wanaosengenya jirani. Sikio moja lingeweza kumaliza asubuhi. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya upili na alama nzuri ya somo la kilimo, na nilipomtazama nilishindwa kuvumilia.

Siku moja nikasema mbele ya wageni, "Baba, hii kazi nipe mimi. Gogo haoni."

Nilisema hivyo hivyo, bila kupunguza sauti. Mama akainamisha kichwa, na wageni wakatazama vikombe vyao. Gogo akanisogezea kile kigoda kwa mguu.

"Sawa," akasema. "Wewe una macho."

Nikachukua kigoda na kopo. Kwa siku kumi nilimtoa Chelel kupe kwa bidii ambayo ningemsifia mtu mwingine yeyote. Niliwatoa kifuani, chini ya mkia, kwenye kiwele. Nilichagua wanene, wale wanaoonekana hata ukiwa umesimama mlangoni. Ndani ya masikio kulikuwa na vidude vidogo vya rangi ya kahawia, bapa kama mbegu za nyanya, vimeshikamana na ngozi. Hao niliwaita uchafu. Vidole viliteleza juu yao, kucha hazikupata pa kushika, na hata ukimtoa mmoja haongezi kitu kwenye kopo. Nikawaacha.

Basi, ile Jumamosi nilirudi nyumbani kutoka kwenye josho nikiwa na cheo changu kipya cha uprofesa. Gogo alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe kwa vidole. Alisikia hatua zangu, na nadhani alisikia na kiburi, maana alisema, "Leta hilo kopo linalokufanya utembee kwa kisigino."

Nikampa. Akamwaga wote juu ya gunia, akapitisha vidole juu yao kama alivyokuwa akifanya na maharagwe. Alienda mwanzo mpaka mwisho, akarudi.

"Wa sikioni wako wapi?"

"Wale wadogo? Gogo, wale hawana hata damu. Bado hawajaanza kula."

Vidole vyake vikasimama. "Nipeleke kwa Chelel."

Nikamshika mkono. Chelel alikuwa anatafuna majani ya nepia, ametulia, mkia unafukuza nzi. Gogo akaingiza mkono sikioni, akauacha humo kwa muda, na uso wake ukabadilika. Akatoa mdudu mmoja kwa kumvuta na kumzungusha, akaniwekea kiganjani.

"Ua huyu."

Nikambana kati ya vidole viwili. Nilipofungua, akaanza kutembea. Nikambana kwa nguvu zote mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe. Nilipofungua tena, akaendelea na safari yake kuelekea kwenye mkono wa gauni langu, bila haraka, kama mtu aliyesimamishwa njiani kuulizwa saa. Nikasikia aibu ikinipanda shingoni.

Gogo akainama, akachukua mmoja wa wale mabingwa wangu wa kopo, akamgusa tu. Akapasuka, damu ikaniruka kifuani.

"Unaona kazi yako?" akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana naisikia mpaka leo. "Siku kumi umekuwa ukichagua wale ambao hawawezi kukushinda."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa na baba na kuchapwa na mwalimu. Fimbo zile zote ukizifunga mzigo mmoja hazifiki uzito wa maneno hayo.

Kisha akanifundisha, na alinifundisha akiwa amekasirika, jambo ambalo si kila mwalimu analiweza. Alisema kwa Kikipsigis, mimi nakuwekea kwa Kiswahili. "Mdudu hana mfupa ndani. Mifupa yake ameivaa nje. Umemwona jongoo kwenye shamba la chai, amevaa pete ngumu moja baada ya nyingine mpaka mkiani. Umemwona mbawakawa, mgongo wake unalia ukiugonga. Na kupe naye ana gamba lake. Lete kidole gumba."

Akakishika kidole changu akakipitisha juu ya mgongo wa yule bapa. "Huyu ni mgumu kuanzia kichwani mpaka matakoni. Ni dume. Hatanenepa maisha yake yote, gamba lake halimruhusu." Akatoa mwingine sikioni. "Na huyu. Unasikia? Mabegani ni mgumu, halafu kidole kinazama. Huyu ni jike. Ngao yake imefunika mbele tu. Nyuma ameacha ngozi laini, na huko ndiko atakakojaza damu. Sasa wewe mwenye macho, mtazame mnene wako. Ngao iko wapi?"

Nikainua mmoja kutoka kwenye gunia, nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Karibu na mdomo, kwenye lile tumbo kubwa la kijivu, kulikuwa na kibamba kidogo cha kahawia, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee mnene. Mwili ulikuwa umekua mara nyingi, ile ngao ikabaki vilevile ilivyokuwa.

"Kumbe ni yuleyule," nikasema.

"Ni yuleyule. Kila kupe mnene alikuwa bapa siku moja. Aliyeshiba anaaga, Chelang'at. Amekula, ameacha ugonjwa wake mle ndani, kesho ataanguka mwenyewe. Kumtoa ni vizuri, asije akazaa kwenye majani, lakini ng'ombe ameshaumia. Huyu bapa ndiye anabisha hodi. Siku ya kwanza na ya pili anashika tu. Ukimtoa hapo umeshinda. Wewe ulikuwa unamngoja anenepe ili kopo lipendeze."

Alikuwa bado anaongea wakati mkono wake ulipoteremka chini ya sikio la Chelel, mahali taya linapokutana na shingo. Maneno yakakatika. Akapapasa upande wa pili, akarudi upande wa kwanza.

"Shika hapa."

Nikashika. Chini ya ngozi kulikuwa na tezi, imevimba, kubwa kama yai la kuku na yenye moto.

"Lakini anakula, Gogo!" nikasema. Nilikuwa karibu kulia. "Mtazame, anakula!"

"Leo anakula," akasema. "Kimbia ukamwite daktari."

Daktari wa mifugo alikaa Mogogosiek. Ukumbuke nani mwingine alikaa Mogogosiek. Njia ya kwenda kwa daktari inapita mbele ya lango la Arap Tonui, hakuna nyingine, labda uruke juu ya miti. Nilikimbia kwenye njia ya chai, gumboti zikinipiga miguu, na kichwani nilikuwa nikipanga jinsi ya kupita pale. Nilifikiri kujifunika leso. Nilifikiri kwamba hakuna haja ya kumtia mzee wa watu wasiwasi, labda ng'ombe atapona na asijue lolote. Unajua jinsi uongo unavyokuja umevaa nguo za huruma.

Nilipofika langoni miguu ikasimama yenyewe. Arap Tonui alikuwa anakata ukingo wa ua kwa panga. Nikamwamkia, nikasema yote bila kupumua: kwamba Chelel ana tezi, kwamba ni mimi niliyewaacha kupe wa sikioni, kwamba baba hana kosa na Gogo hana kosa, kwamba nilimwambia Gogo haoni.

Mzee akashusha panga.

"Umemwita daktari?"

"Ndiyo naenda, baba."

"Basi nenda. Mtu hasimami katikati ya moto kuomba msamaha."

Daktari alikuwa Mgusii, Bwana Nyakundi, aliyehamia huku zamani na kuzoea mvua yetu. Alinipakia kwenye pikipiki yake tukafika nyumbani matope yakiwa mpaka kwenye nyusi. Akampima Chelel joto, akashika tezi, akatazama macho na ufizi, akarudia kupima.

"Ni homa ya kupe," akasema. "Lakini iko mapema sana. Nyinyi watu huniita wakati ng'ombe ameshalala chini, nakuja tu kutoa pole. Huyu bado anatafuna! Nani aliona?"

Gogo alikuwa ameketi kando kwenye gunia tupu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akakitumia kama kilivyo. "Mimi hapana ona, Taktari. Mimi nashika."

Daktari akacheka mpaka kipimajoto kikamtoka mkononi. Akamchoma Chelel sindano, akasema tumpe maji, tumwache kivulini, na tuombe Mungu, kwa sababu dawa ni nzuri lakini ng'ombe ana mimba.

Tuliomba. Siku ya pili Chelel akaacha kula. Siku ya tatu akaanza kukohoa, macho yakatoa machozi, masikio yakaning'inia. Mchana wa siku ile baba alitoka nje na jiwe la kunolea, akaketi, akaanza kunoa kisu. Hakusema ni cha nini, na hakuna aliyemuuliza. Sote tulijua kuna kisu kimoja tu pale nyumbani cha kuchunia. Kila kilipopita kwenye jiwe nilisikia kama kinapita mgongoni mwangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami nilikuwa nimedharau mwiba kwenye mguu wa watu wengine.

Nilienda kwa Gogo nikapiga magoti. Nikamwambia anisamehe.

"Samahani haitoi kupe," akasema, ila mkono wake ulikuwa umeshafika kichwani mwangu. "Njoo tufanye kazi. Na ufunge macho."

Tukakaa pande mbili za kichwa cha Chelel, kila mmoja na sikio lake. Nilipofumbua macho tu, Gogo alijua, sijui kwa njia gani. "Funga! Hayo macho ndiyo yalikudanganya." Kwa hiyo nikajifunza upya kama mtoto mchanga. Kidole gumba kikaanza kuniambia: hapa ngozi, hapa nta, hapa kovu, hapa gamba. Gamba lote, dume. Gamba nusu, jike mgeni, hajakaa hata siku mbili. Tukawatoa wote. Hatukuacha hata mmoja wa ukubwa wa punje ya ufuta.

Asubuhi ya siku ya nne nilipeleka majani ya nepia kwa mazoea tu, sikuwa na tumaini. Nikayaweka chini, nikageuka kuondoka. Nikasikia kitu nyuma yangu. Krr, krr, krr. Mwanangu, nimesikia kwaya za kanisa siku ya Krismasi na nimesikia uwanja mzima ukishangilia mkimbiaji wetu. Sijasikia wimbo mzuri kama ng'ombe yule akitafuna.

"Anakula!" nikapiga kelele. "Mama! Baba! Chelel anakula!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa. Baba alisimama mlangoni, akamtazama Chelel, akaingia ndani, akatoka na kile kisu. Akaenda bustanini akakata nacho kabichi kubwa, akamletea ng'ombe. Kisha akaniangalia mimi. Gogo yeye alikuwa anacheka tu, anapiga goti lake kwa kiganja, machozi yakimtoka kwenye yale macho yasiyoona.

Baada ya majuma mengi Chelel akazaa ndama jike, mwenye paji jeusi. Mama alichagua kibuyu kizuri kuliko vyote, akakisafisha kwa mkaa wa mti kama inavyotakiwa, akagandisha humo maziwa ya Chelel, ile mursik yetu ya kibuyu. Siku ilipoiva baba alisema, "Chelang'at atabeba."

Tukatembea kwenda Mogogosiek mchana kweupe, baba mbele, mimi nyuma, kama tulivyotembea na ile ngozi. Ila safari hii begani mwangu kulikuwa na kibuyu. Wachumaji wa chai waliinua vichwa. Hakuna aliyesogea pembeni. Walitusimamisha, wakatuamkia, wakauliza habari za ndama, mwanamke mmoja akaanza wimbo na wengine wakauitikia, na nikatembea katikati ya ule wimbo kama niliyetoka Olimpiki.

Arap Tonui alionja mursik, akafuta mdomo, akatuashiria tusogee karibu.

"Nilikuwa nangoja ngozi," akasema. "Tangu huyu msichana apite hapa akikimbia, kila siku nilitazama njia ile. Lakini nililala vizuri, kwa sababu nilijua hata ikija ngozi, itakuja na ukweli." Akamgeukia baba. "Ndama ni wa Gogo, na Gogo akiondoka, ni wa huyu aliyesema kosa lake kabla hajaulizwa. Na Chelel abaki kwako. Nyumba kama hiyo ndiyo ya kuweka ng'ombe."

Ng'ombe unaowaona hapa kwangu leo, wale watatu wenye mapaji meusi, ni uzao wa ndama yule. Maziwa uliyokunywa ulipofika, hata kabla sijakuuliza habari za safari, yametoka huko.

Na Jumamosi ya kwanza baada ya Chelel kupona nilirudi kwenye ua wa josho na kopo langu. Halikuwa limejaa hata robo, lina vidude bapa vya kahawia. Wakanicheka mpaka wakakaa chini. Nikamwambia yule aliyeniita profesa anyooshe mkono, nikamwekea mmoja kiganjani. "Ua huyu," nikasema. Kicheko kikaisha. Tangu siku hiyo mashindano yetu yakageuka: aliyeleta mnene alionekana mvivu, kwa sababu ina maana alimwacha siku nyingi. Mwaka ule hakuna nyumba ya vijana wale iliyobeba ngozi.

Gogo alishatutoka zamani. Lakini mwezi uliopita mjukuu wangu Chepkirui, ambaye amemaliza masomo ya afya ya mifugo na Jumatatu anaanza kazi Kericho, alikuja na simu yenye kioo kidogo cha kukuza vitu. Akampiga kupe picha, akainyoosha kwa vidole mpaka kupe akawa mkubwa kama beseni. "Gogo, tazama," akaniambia, maana siku hizi Gogo ni mimi. Nikatazama. Ilikuwepo ile ngao mabegani, inang'aa kama kiatu kipya, imeishia palepale kidole gumba cha nyanya yangu kilipokuwa kikizama. Akanionyesha na dume: gamba mgongo mzima. Nikapiga meza, nikasimama, nikacheza jikoni na haya magoti yangu mabovu. Chepkirui alidhani nimepatwa na kitu. Ndiyo, nilikuwa nimepatwa na furaha. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwanamke asiyeona aliyaona yale kwa kidole, miaka mingi kabla ya hiyo simu kuzaliwa, naye akaokoa nyumba.

Kwa hiyo nisikilize, wewe na Chepkirui, na yeyote anayeanza kazi, ndoa au shamba. Tatizo lako litoe likiwa bapa. Litakuwa dogo, gumu, linateleza, halina sifa, na hakuna mtu atakupigia makofi ukilitoa. Litoe hivyo hivyo. Ukilingoja linenepe ili watu waone ulivyo shujaa, litakuwa limeshakula. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga bila maziwa. Usipime kazi yako kwa kopo. Jiulize kama unachagua vile ambavyo haviwezi kukushinda. Mzee anapofanya jambo polepole, uliza anatafuta nini kabla hujamnyang'anya kigoda. Ukikosea, pitia langoni kwa mwenye ng'ombe na useme, tena useme ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Na kuhusu ngao, usije ukasema Gogo Chelang'at alikuambia uwe kama kupe, kupe ni mwizi. Lakini hata kwa mwizi mtu hujifunza kufunga mlango. Yule aliyevaa ugumu mwili mzima hakui, anakufa na kimo alichokuja nacho. Uwe na ngao, dunia hii ina vidole vinavyobana. Ivae mbele. Ila nyuma acha mahali laini, pa kukaripiwa na kuingiwa na neno la mtu mwingine, maana ni hapo tu utakapokulia. Mimi siku ile mbele ya wageni nilikuwa gamba tupu.

Sasa inama nikuwekee mkono. Mungu wa Gogo Tabutany akupe kidole gumba kinachosikia kabla macho hayajaona. Akupe mtu wa kukukaripia kwa sauti ya chini, na akupe masikio ya kumsikia. Watu wakuwekee vitu vyao vya thamani bila karatasi, na neno lako liwatoshe. Popote utakapotembea mchana kweupe, pasiwe na atakayesogea pembeni kwa kukuhurumia.

Nenda, mwanangu. Na siku utakayorudi, urudi na maziwa, usirudi na ngozi.